Koti la Kuelea Nililomwachia Waisiko

Oktoba 1976, saa nne asubuhi, jua likiwaka, nilimshika mkono mtu aliyekuwa amekufa miaka miwili.

Sikuwa makaburini. Nilikuwa chini ya maji, mita nane, kwenye lambo la kijiji kimoja kati ya Mugumu na Ikoma.

Jina la kijiji naliacha. Wajukuu wa wahusika wapo, na wengine najua wanasoma humu.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo msihangaike kunijibu, kaeni tu nimalize. Nina miaka sabini na tatu na hii sijawahi kuiandika popote.

Naitwa Ponsiano, mtu wa Bukoba. Ujanani nilikuwa fundi pale Mwanza, na mzungu mmoja mkaguzi wa meli akanifundisha kuzamia ili nimsaidie kuangalia matumbo ya meli. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia mitungi miwili ya hewa, kifaa cha kupumulia na miwani. Koti lake la kuelea akaondoka nalo.

Baadaye nikaajiriwa na mradi mmoja wa maji, nao siutaji, nikapelekwa wilaya ya Serengeti. Wilaya yenyewe ilikuwa bado changa. Nilichukua nafasi ya fundi aliyehamishwa, mtu wa kwetu kabisa, Desderius. Hatukuonana. Nilifika yeye ameshaondoka.

Kijiji kilikuwa cha ujamaa. Mwaka 1974 watu walitolewa kwenye miji yao, yaani maboma ya familia, huko bondeni wakapangwa kwa mistari juu, karibu na barabara. Kule bondeni walikotoka pakajengwa tuta, mvua ikajaza, likawa lambo.

Bomba lilitakiwa kupeleka maji kutoka lambo hadi kijijini. Kwenye mdomo wa bomba, chini kabisa, kulikuwa na koki kubwa yenye usukani. Ilizungushwa kutoka juu kwa nondo ndefu iliyotokeza nje ya maji.

Tangu lambo lijae, ile nondo haikuwahi kuzunguka hata robo.

Miaka miwili, jamani. Maji mnayaona, bombani hayaji.

Watu walichota pembeni, na ng'ombe waliingia hapohapo. Mwezi niliofika, watoto wanne walikuwa wamezikwa kwa kuhara. Laurensia, nesi wa zahanati, alinitajia majina yao mmoja mmoja huku ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga ile koki.

Nikasema nazama. Wasiwasi wa ofisi ulikuwa kwamba tope limekaba usukani. Nitalichimbua kwa mikono, kazi imeisha.

Kijiji hakikufurahi.

Mwenyekiti, mzee Simioni, alinivuta pembeni akaniambia kilichomo humo. Ndani ya lambo kuna mji wa mtu anaitwa Waisiko. Alikuwa askari wa zamani, alipigana Bama, yaani Burma, wakati wa Waingereza. Watu wote walihama, yeye aligoma. Alisema makaburi ya baba yake na ya mama yake hayatafunikwa na maji yeye akiwa hai, mpaka kwanza wakubaliane jinsi ya kuyahamisha.

Basi maji yalipojaa, Waisiko hakuonekana tena.

Mkewe, mama Nyangi, alisema mumewe amevuka Kenya. Baadhi ya watu waliamini. Wengi walisema yumo humohumo, bado anachunga. Upepo ukivuma wanasikia kengele ya ng'ombe kutoka chini ya maji.

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimezamia bandarini Mwanza mpaka nikachoka. Kengele ya ng'ombe itanifanya nini?

Tatizo langu mimi lilikuwa koti.

Niwaeleze kidogo msiozamia. Kuzama si ufundi, hata jiwe linazama. Ufundi ni kukaa katikati, kama nyama kwenye mchuzi, hupandi wala hushuki. Chini ya lambo lile kulikuwa na tope la kufika kiunoni. Ukilikanyaga linakushika, na ukilitibua huoni hata kidole chako. Kwa hiyo lazima uwe na kitu kifuani unachokitia hewa kidogo ukiwa mzito, na kuipunguza ukiwa mwepesi.

Niliandika ofisini kuomba koti la dukani. Wakanijibu kwa upole kwamba linatoka ng'ambo, fedha za kigeni hakuna, nitumie vilivyopo.

Haya. Vilivyopo.

Wote walinishauri madebe matupu nijifunge mgongoni. Hayana gharama, yapo. Nikakataa. Debe maji ya chini yanalibonyeza, na hewa iliyomo huwezi kuipunguza ukiwa kule. Tyubu ya trekta ilikuwepo, ya bure pia, ila ile ingenirusha juu kama kishada. Blada ya mpira wa miguu ilikuwa ndogo mno, nilijaribu nikazama nayo.

Mwisho nikaokota tyubu mbili kuukuu za pikipiki kwenye karakana ya misheni. Nikaziba matobo, nikaziunganisha ziwe na hewa moja. Laurensia alikuwa na cherehani, akanishonea fulana ya turubai yenye mfuko huku na huku, kila tyubu ikakaa upande wake. Kwa mbele nikatoa mpira wa petroli wa Landrova, urefu wa mkono, wenye kibanio. Nikitaka kupanda napuliza kwa mdomo. Nikitaka kushuka nainua mpira juu ya kichwa, nafungua kibanio, hewa inatoka.

Uzito wangu ulikuwa majembe mawili ya plau, kiunoni, kwenye mkanda wa Ryoba. Huyu alikuwa mgambo, jitu la miraba minne, ndiye atakayeshika kamba yangu.

Laurensia alirudia kila mshono mara mbili. Nilimwambia inatosha.

"Sitaki iwe nimekushonea sanda," akasema, na hakuinua uso.

Siku mbili nilijaribu pembeni, kwenye kina cha mtu. Tyubu zilikubali. Nilining'inia majini kimya kabisa, bila kugusa chini wala kuelea juu. Nilijisikia mjanja sana.

Siku ya tatu nikaingia kwenyewe.

Mita mbili, maji ya kahawia. Mita nne, giza. Mita sita nikawa sioni hata povu langu. Nilishuka nimeshika ile nondo kwa mkono mmoja, na kila nikishuka maji yalizikamua tyubu, nikazidi kuwa mzito. Nikapuliza kidogo. Nikatulia.

Ndipo nikaisikia.

Ngo.

Kimya.

Ngo, ngo.

Kengele. Chini yangu, karibu sana.

Ndani ya maji huwezi kujua sauti inatoka upande gani, inakuwa kama imo ndani ya fuvu lako. Nilisimama pale nimekumbatia nondo. Nilijiambia ni moyo wangu. Ila moyo haugongi chuma.

Nikashuka tena, taratibu. Mguu ukagusa kitu laini kilichobonyea. Nyasi za paa. Nilikuwa nimetua kwenye kibanda cha mtu.

Nikasogea mpaka nikafika kwenye koki. Nikapapasa usukani. Haukukabwa na tope.

Ulikuwa umefungwa mnyororo.

Mnyororo mnene wa kukokotea plau, umezungushwa usukani na bomba lenyewe mara tatu. Juu huko upepo ulitikisa nondo, nondo ikatikisa usukani, na mnyororo ukagonga. Ngo. Kengele yenyewe ndiyo hiyo. Nilitaka kucheka kwa nafuu.

Nikaufuata mnyororo kwa mkono kuona unaishia wapi.

Uliishia kwenye koti.

Koti zito, la sufu, lenye vifungo vikubwa. Nikapapasa mkono wa koti. Ndani yake mlikuwa na kitu kigumu, chembamba, nami vidole vyangu vilikijua kabla ya akili.

Hapo niliacha kuwa mzamiaji. Nikapiga mateke. Nikatoa kifaa cha kupumulia mdomoni, nikapuliza tyubu kwa nguvu zangu zote, nataka juu, juu tu.

Nikapata nilichotaka. Kadiri unavyopanda, hewa inatanuka, na kadiri inavyotanuka ndivyo unavyopanda. Nilikuwa naenda kama kizibo, na nilikuwa nimebana pumzi. Mwalimu wangu wa Mwanza alinionya kwamba hivyo ndivyo mapafu yanavyopasuka. Sijui nilikumbukaje. Niliinua mpira, nikafungua kibanio, nikapiga yowe ndani ya maji ili pumzi itoke.

Ningekuwa na madebe mgongoni, nisingeandika haya.

Ryoba alinivuta ukingoni natoka damu puani. Kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefumbwa na mimi mwenyewe sikuweza kuufumbua. Laurensia alifungua kidole kimoja kimoja.

Kilikuwa kifungo cha shaba.

Mwanamke mmoja alitoka katikati ya watu. Mrefu, kichwa kimenyolewa, khanga imefungwa kiunoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikichukua kile kifungo, akakifuta kwa kidole gumba, akakitazama muda mrefu.

"Hili ni koti la Bama," mama Nyangi akasema.

Kisha akakaa chini na kusema yale ambayo hakuwa amemwambia mtu kwa miaka miwili.

Waisiko hakuvuka Kenya. Watu wa mradi walipofunga koki ili lambo lianze kujaa, yeye alishuka bondeni Jumamosi asubuhi akajifunga kwenye usukani kwa mnyororo wake wa plau na kufuli lake dogo la shaba. Ufunguo akampa mkewe, ili asije akashawishika kujifungua mwenyewe. Alisema wakubwa watakuja kuzungumza. Mchana mama Nyangi alimpelekea uji. Waisiko alikuwa anacheka, akasema tayari fundi amekuja, wametukanana, sasa watamleta mkubwa.

Saa tisa mvua ikanyesha. Si pale kijijini, huko juu milimani. Hakuna aliyejua mpaka bonde lilipoanza kunguruma.

Mama Nyangi alikimbia. Alifika maji yakiwa kifuani kwa mumewe.

"Nilizamisha mikono, nikalipata kufuli, nikatia ufunguo," akasema. "Nikazungusha. Nikavuta mnyororo, ukagoma. Nikarudia. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka sana, mura, kijana wangu. Ilinishinda. Akaniambia nenda, watoto wako peke yao. Nikaenda."

Baada ya hapo alisema Kenya. Angewaambiaje wanawe kwamba baba yao alikufa kwa sababu mama alishindwa kufungua kufuli?

Mzee Simioni alivua kofia.

Nilikuwa nimebakiwa na mtungi mmoja wa hewa. Nilisema nitarudi kesho asubuhi kumtoa. Tutafunga kamba, Ryoba atavuta.

Mama Nyangi akaniomba jambo moja. Wakati wa kuhamishwa, walitishia kumburuta mumewe kwa kamba mpaka kijijini mbele ya watoto wake. Alisema mimi nitafanya kazi yangu nijuavyo, ila asiburutwe.

Usiku ule sikulala. Nikifumba macho nahisi sufu kwenye vidole.

Asubuhi nikazama na msumeno wa chuma na gunia. Nilijipima hewa vizuri, nikaning'inia sentimita chache juu ya tope, mikono yote miwili ikiwa huru. Nikakata mnyororo pale usukani ulipo. Nilikuwa naongea naye kichwani muda wote. Samahani mzee. Kidogo tu mzee. Karibu tunamaliza.

Kisha nikakusanya nilichoweza kukusanya, pamoja na koti na kipande cha mnyororo. Hapo sitasema zaidi.

Gunia likajaa, nami nikawa na kamba moja tu, iliyofungwa kwangu. Ningeweza kulifunga gunia na kutoa ishara. Ryoba angevuta, gunia lingekwaruza mawe ya tuta mpaka juu.

Asiburutwe.

Nikavua koti langu la kuelea.

Bila koti, na majembe ya plau kiunoni, nilizama kwenye tope papo hapo, likanifika mapajani. Nikalifunga koti kwenye gunia, nikapuliza. Mara moja, mbili, nne. Nikahisi gunia linakuwa jepesi mikononi mwangu, kama mtoto anayeamka. Likatulia. Nikapuliza mara moja zaidi, likaondoka lenyewe.

Nilibaki gizani peke yangu. Nikavuta fundo la mkanda, majembe yakaanguka. Nikatikisa kamba mara mbili. Ryoba akanivuta mimi.

Waliokuwa juu ya tuta walinisimulia baadaye. Maji yalitulia, kisha gunia likaibuka katikati ya lambo, polepole, bila kuvutwa na mtu, likasimama juu ya maji. Wanaume wazima walikimbia. Mama Nyangi aliingia majini na nguo zake, akalipokea kwa mikono yake, akamsindikiza mumewe mpaka ukingoni.

Saa sita mchana wanaume sita walishika ile nondo. Ikazunguka. Maji yakatoka bombani kijijini, kwanza matope, halafu meusi, halafu meupe. Akina mama waliweka ndoo bila kupiga vigelegele. Ilikuwa siku ya msiba na ya maji, hakuna aliyejua afanye nini na uso wake.

Sasa sikilizeni.

Wakati wanaosha mifupa, mimi nilikaa kando na kile kipande cha mnyororo nikikitoa tope. Nilitaka kuona lile kufuli la shaba.

Nikalipata. Dogo, la kijani kwa kutu.

Lilikuwa wazi.

Nilidhani limefunguka kwa kuoza. Nikaliangalia vizuri. Utambo wake ulikuwa umeruka juu, kama kufuli lolote lililofunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe bado ulikuwa tunduni.

Mama Nyangi alikuwa amelifungua.

Kwa nini basi mnyororo uligoma?

Nikausafisha kuelekea nyuma, kule ambako ungekaa mgongoni mwa mtu. Kulikuwa na kufuli la pili. Kubwa, la chuma, limefungwa kabisa. Nilipolifuta likatoa rangi nyekundu, na chini ya rangi namba imegongwa: saba.

Nikaligeuza, nikaisoma tena ile namba.

Makufuli yote ya mradi wetu yalipakwa nyekundu na kugongwa namba. La stoo yangu lilikuwa nne. Kwenye shada la funguo nilizorithi ofisini palikuwa na ufunguo wa namba saba, ambao sikujua unafungua nini. Nililiweka kufuli kwenye mafuta ya taa, nikasubiri, nikatia ufunguo.

Likafunguka.

Mzee Simioni alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliijua ile rangi kama wote pale walivyoijua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maji yametoka, watoto watapona, mradi ukichukia unaweza kuondoka na mabomba yake. Mama Nyangi ameshazoea mzigo wake. Hili tulizike na marehemu.

Siwezi kusema nilikuwa shujaa. Nililifikiria. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mama Bukoba ananitegemea.

Ila nikakumbuka alivyosema, ilinishinda.

Jioni, jua bado lipo, nikaenda kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaweka makufuli yote mawili chini mbele yake, nikamweleza. Hili ni lako. Hili ni la ofisi yangu, mtu aliliongeza nyuma, mumeo hakuliona wala wewe hukuliona.

Hakuuliza ni nani. Alilishika lile dogo, akalifunga, akalifungua, akalifunga.

"Kwa hiyo ufunguo ulizunguka?" akauliza.

"Ulizunguka, mama. Ulilifungua mara ya kwanza."

Akaangalia mikono yake. Aliigeuza huku na huku kana kwamba imerudishwa kutoka safari. Kisha akalia, kilio kikubwa, cha kwanza kwa mumewe tangu afe.

Waisiko alizikwa kesho yake juu ya kilima. Mimi niliandika maelezo nikayapeleka yalikostahili kupelekwa. Desderius alijibu kwa barua kwamba kufuli namba saba lilipotea kazini. Baada ya wiki sita nikahamishiwa Sumbawanga. Faili liliishia wapi, sijui.

Mwaka 1989 nilionyeshwa Desderius sokoni Bukoba, ananunua senene. Amezeeka kuliko umri wake. Nikajitambulisha, nikamtajia kijiji. Aliweka senene chini.

Hakubisha. Alisema Waisiko alimtukana mbele ya vibarua wake, nao wakacheka. Akamzunguka kwa nyuma, akamwongezea kufuli la ofisi, ili siku akichoka na ukaidi wake aje kumbembeleza. Halafu akapanda lori kwenda Mugumu kunywa pombe. Ilikuwa Jumamosi.

"Nilikuwa nimfungulie Jumatatu," akasema.

Niliondoka bila kumuaga.

Maneno yale yananilemea kuliko ule mkono wa koti. Ndiyo sababu nimeandika. Ukiwa na neno moja linaloweza kumtua mtu mzigo ambao si wake, lipeleke leo, hata likikugharimu kazi.

Na ukimkomoa mtu kwa hasira ya kuchekwa, ukajiambia utarudi kumwachia, rudi sasa hivi. Mvua haisubiri Jumatatu.